Fomu ya Alhamisi

Saa nne kasorobo asubuhi, mwanamke aliyekuwa juu ya jukwaa la mabomba aliibana redio mdomoni na kulitamka neno ambalo vibarua kumi na wawili chini yake walikuwa wakiomba lisitoke.

"Simama."

Nyundo ya kupigilia nguzo ilikuwa imekwisha kuinuliwa. Ilikuwa chuma chenye uzito wa lori, kikining'inia kwenye winchi juu ya nguzo ya tatu ya gati jipya. Mtu wa winchi aliishikilia hewani, akatoa kichwa dirishani mwa kibanda chake kuhakikisha hakusikia vibaya, kisha akaishusha. Tishari zima, lile jahazi bapa lililobeba winchi, likayumba. Vibarua wakaanza kuvua glavu bila kusubiri kuambiwa.

"Umeona au umehisi?" nyapara aliuliza kwenye redio.

"Nimeona. Nguva wawili, mama na mtoto. Mita mia tatu, upande wa majani."

"Jana pia walikuwa wawili."

"Ndio hao hao, kaka."

"Na juzi?"

"Ndio hao hao."

Redio ilikohoa, ikanyamaza.

Sheria ilikuwa imechapwa kwenye kadi aliyoitundika shingoni. Nguva akionekana ndani ya nusu kilomita, nyundo isimame, na isigonge tena mpaka zipite dakika thelathini bila mnyama kuonekana. Kuisoma ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa maji. Tishari liliweza kuelea pale karibu na ufuo maji yakiwa yamejaa tu. Yakianza kupwa, lilibidi livutwe nje haraka lisije likakaa mchangani. Na nguva nao, ambao chakula chao ni majani yaotayo kwenye kina kifupi, walipanda kuja kula wakati maji yamejaa tu. Muda uleule wa saa nne kila mchana. Meza moja, na kila upande ukiiona ni yake.

Wale vibarua walimwita Bi Simama. Kabla ya kazi hii alikuwa akikagua mishono katika kiwanda cha mashati, na macho yake yalikuwa yamezoea kutafuta kitu kidogo mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Akaelekeza tena darubini. Kwanza liliibuka wingu la tope, la kahawia, kana kwamba chini kule kuna mtu anafagia. Kisha tundu mbili za pua zikachomoza, zikapuliza, zikajifunga. Ubavuni, pua nyingine ndogo. Mama alizama kwa dakika nne nzima akila. Mtoto hakuweza kukaa chini muda wote huo, akapanda katikati kuvuta pumzi peke yake, akarudi mbio kwa mama yake. Siku zote walikula hivyo, polepole, wakisonga mbele kama mtu anayepalilia tuta.

Alijaza fomu. Kisha akashuka ngazi, kwa sababu tumbo la chini lilikuwa linamuuma tangu saa mbili. Choo kilikuwa kimoja tu kwenye tishari, na ufunguo wake ulikaa kwa nyapara.

"Ufunguo umepotea," nyapara alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema simama."

Wanaume wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa cha watu waliokwisha jua wataondoka na malipo ya nusu siku, maana kibarua hulipwa siku nzima nyundo ikigonga tu. Mmoja hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ukingoni akikunja kamba ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa, hakuinua uso. Huyo alikuwa mume wake.

Alipanda tena jukwaani. Kuanzia siku hiyo akawa hanywi maji mpaka jioni.

*

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na goti bovu na masikio mazima kabisa, na alikuwa amekwisha kusikia habari kabla mkwewe hajavua viatu.

"Leo bombani wamekupisha," alisema.

"Wamenipisha nini, mama?"

"Foleni. Nimeona kwa dirisha. Ulipofika, wote wakasogea pembeni, ukachota peke yako kama una ukoma."

Ilikuwa kweli. Wanawake wa bombani walikuwa wake wa vibarua, au dada zao. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alisema tu, kwa sauti ya kuiambia ndoo, kwamba wapo wanawake wanaowaonea huruma samaki kuliko mume wa ndani.

"Si samaki," alijibu, akajuta papo hapo. "Wananyonyesha. Kama sisi."

"Basi wakupikie," yule mwanamke aliiambia ndoo.

Mumewe aliingia giza likianza, ingawa kazi yake ilikuwa imeisha mchana. Alikula akamaliza. Mama mkwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akasema goti lake linataka kulala mapema, akajiondoa.

"Wamenituma," mume alisema hatimaye.

"Najua."

"Hujui. Siku tatu mfululizo tumepata nusu. Yule mwenye watoto mapacha leo amelia, mtu mzima, mbele yetu. Nyapara anasema nguzo ya tatu isiposimama wiki hii, anapunguza watu sita. Unadhani ataanza na nani?"

"Si mimi niliyeandika sheria."

"Lakini ni wewe unayeona!" Alishusha sauti, akatazama mlango wa mama yake. "Sikwambii ufanye ubaya. Alhamisi. Kwa saa mbili tu. Geuza shingo utazame upande wa bahari kuu. Mtu anaweza kutazama kokote. Wakigongewa kidogo wataenda kula kwingine. Bahari ni kubwa."

"Majani siyo mengi. Yapo hapo tu."

"Mke wangu." Hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo, lilimtoka kama ombi la mgonjwa. "Ninapopita wanakohoa. Nikishika kamba, mwenzangu anaiachia upande wake kabla sijawa tayari. Jana nusura inikate vidole. Nimechoka."

Mkewe akaitazama mikono ya mumewe. Kiganja cha kulia kilikuwa na mchubuko mpana, mwekundu, ambao kwa siku mbili nzima alikuwa akila kwa namna ya kuuficha.

"Alhamisi," mkewe akasema. Hakusema ndiyo. Lakini mumewe alilala usiku ule, naye akabaki akimsikiliza anavyolala.

*

Alhamisi maji yalijaa saa sita. Nguva walikuja maji yakiwa bado yanapanda, saa nne na dakika kumi. Wingu la tope kwanza, kisha pua. Mama, mtoto. Mita mia mbili na hamsini, karibu kuliko siku zote.

"Bi Simama, vipi huko?" nyapara aliuliza. Sauti yake ilikuwa na adabu mpya.

Alizungusha kiti akaelekea bahari kuu. Huko kulikuwa na maji matupu na meli moja ya mizigo iliyosimama mbali.

"Sioni kitu," alisema.

Nyundo ilishuka. Pigo la kwanza lilipita kwenye mabomba ya jukwaa, likaingia kwenye nyayo zake, likapanda hadi meno. La pili. La tatu. Alihesabu hadi tisa, akashindwa kuvumilia, akageuka.

Wingu la tope lilikuwa limekatika. Mama aliibuka haraka, sekunde chache tu tangu mara ya mwisho, akapuliza, akazama, akaibuka tena. Hakuwa anakula, alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Mtoto aliibuka upande mwingine, mbali naye, mbali mno. Alijigeuza huku na huku. Pigo likashuka, akazama, akatokea akitazama njia siyo. Ilimchukua mama mapigo kumi na manne kumfikia. Kisha wakaondoka pamoja kuelekea mkondo zinamopita meli, mgongo wa mtoto umebanana na ubavu wa mama, na hakuwaona tena.

Kwenye fomu, penye mstari wa *Wanyama walioonekana*, aliandika: Hakuna. Mwandiko ulitoka mzuri, wa shule.

Jioni hiyo nguzo ya tatu ilikuwa imesimama. Alipokuwa akishuka aliona ufunguo wa choo umening'inizwa kwenye msumari, kwenye kamba mpya ya bluu. Mtu alikuwa amemwekea chupa ya soda baridi juu ya ngazi. Mtu wa winchi alimwita dada. Nyumbani mumewe alileta nyama, na mama mkwe alikula vipande viwili akasema goti limepoa.

Ijumaa aliandika tena Hakuna. Ya Ijumaa ilikuwa kweli. Alikaa saa nne nzima akitazama upande wa majani bila kupepesa, kwa shingo iliyokakamaa, na hakuonekana mnyama yeyote. Nyundo iligonga mchana kutwa. Alipewa soda nyingine. Aliifungua akaimwaga baharini kidogo kidogo, wasione.

*

Jumamosi haikuwa siku ya nyundo; ilikuwa siku yake ya kupima malisho ya nguva. Saa moja na nusu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na uwanja wa majani ulikuwa wazi, kijani kilicholala juu ya tope, kikinuka chumvi. Alivua viatu, akafunga kamba yake nyeupe kati ya vijiti viwili, akaanza kutembea kando yake akihesabu mifereji.

Nguva akila hachumi, hung'oa. Huzika pua kwenye tope akasonga mbele, na nyuma yake hubaki mfereji wenye upana wa karibu shubiri, mtupu, kama aliyepita na jembe. Mtu asiyejua angedhani ni alama ya mashua. Mfereji wa mlo mzuri ulikuwa na urefu wa mita tatu, nne, hata tano. Daftari lake lilikuwa limejaa namba hizo: tatu na nusu, nne, tatu na robo.

Ile ya Alhamisi aliitambua bila taabu, kwa sababu kingo zake zilikuwa bado kali. Sentimita sitini. Arobaini. Kisha mmoja uliokatwa katikati kabisa, na mbele yake tope lililovurugwa kwa nguvu, mahali ambapo mwili mzito ulijigeuza kwa ghafla.

Kando ya mfereji huo kulikuwa na mwingine. Aliinama akidhani ni kosa la macho. Ulikuwa na upana wa vidole vitatu na urefu wa kiatu. Aliupima mara mbili, ingawa hakukuwa na sababu ya kuupima hata mara moja. Miezi yote mitatu ya kazi hakuwahi kuona mfereji wa mtoto. Mtoto alikuwa bado ananyonya tu. Alhamisi, kumbe, ndiyo siku aliyoanza kujaribu kula.

Alikaa chini, kwenye tope, na suruali yake ya kazi. Hakulia. Alikaa tu mpaka maji yakaanza kurudi na kumlowesha.

Jumapili alifua, akapika, akamkanda mama mkwe goti. Mumewe alimwuliza mara moja kama anaumwa. Alisema hapana.

*

Jumatatu, badala ya kwenda kwenye boti ya wafanyakazi, alikwenda ofisini. Ofisi ilikuwa kontena lenye madirisha na kiyoyozi kilichovuja kwenye beseni. Afisa mazingira, kijana mwenye adabu aliyezoea kupokea fomu bila kuzisoma, alimkaribisha kiti.

"Nataka fomu yangu ya Alhamisi."

"Ina nini?"

"Ina uongo."

Afisa aliinuka akafunga mlango. "Dada yangu. Fomu hii nimeshaipokea. Ukiikata kwa kalamu, unajikata mwenyewe. Umenielewa? Wao watapigwa faini watalipa. Wewe utaandikwa kuwa mwangalizi aliyedanganya. Kazi kama hii hutaipata tena popote."

"Nimekuelewa."

"Siku moja tu, na ndiyo imekwisha kupita. Ya nini sasa?"

Bi Simama alifungua daftari la kupimia, akaliweka mezani penye ukurasa wa Jumamosi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa mfereji wa mtoto. Afisa alisoma. Alisoma tena. Kisha akatoa fomu kwenye faili na kumsogezea kalamu, bila kumtazama.

Kufika saa tano meneja alikuwa amekuja, na nyapara, na beseni la kiyoyozi lilikuwa limejaa bila mtu wa kulimwaga.

"Huyu mama ana kisa na mimi," nyapara alisema. "Tulikosana habari ya choo. Alhamisi alisema kwenye redio, watu wote wamesikia, haoni kitu. Leo ameota. Sasa bosi, mtu anayedanganya leo au aliyedanganya Alhamisi, yote si mwongo yuleyule? Tuchukue neno lake lipi?"

Meneja aliliona hilo kuwa neno la maana. Alimgeukia Bi Simama. "Una shahidi?"

"Sina."

"Mumewe yupo nje," nyapara alisema upesi. "Ni mtu wangu, mfanyakazi mzuri. Aitwe. Yeye alikuwa ukingoni kabisa, ameshika kamba ya nguzo. Atawaambia kama kulikuwa na mnyama. Na atawaambia mkewe anavyolala siku hizi. Halali. Anaongea peke yake."

Mumewe aliingia akiwa ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili. Alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na hapo akaelewa ni kitu gani kilichokuwa kikimsumbua tangu Jumamosi. Uso ulimsawajika. Nyapara alimvutia kiti, hakukaa.

"Swali ni dogo," meneja alisema. "Alhamisi, nyundo ilipoanza, palikuwa na nguva au hapakuwa?"

Kiyoyozi kilidondosha tone, na jingine. Mkewe alitazama sakafu. Moyoni alikuwa amemruhusu aseme lolote la kujiokoa.

"Walikuwepo," mume alisema.

Nyapara akacheka kidogo. "Umesikia swali vizuri?"

"Nimesikia. Walikuwepo. Walipokuwa wakipanda kwenda majanini, mama alipita pale chini ya ubao nilipokuwa nimesimama, hivi, kama kutoka hapa hadi mlangoni. Mtoto alikuwa amebaki nyuma. Aliinua pua akapuliza, tone likanifikia mkononi." Alisita, akaufungua mkono wake wa kulia akautazama, kana kwamba tone bado lipo. "Si mimi peke yangu. Sote tuliokuwa upande ule tuliona. Tumewaona kila siku. Hakuna asiyewaona. Ni yeye tu aliyelipwa kusema."

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, maana boti na gari vya kazi havikuwa vyao tena. Njia ilikuwa ndefu na jua kali. Hawakushikana mikono, hawakuombana msamaha. Katikati ya njia mumewe alisema, "Ungeniambia," naye akajibu, "Ungenizuia," na mumewe akafikiri kidogo akasema, "Ningekuzuia."

Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Nani amefukuzwa?"

"Wote," mwanawe alisema.

"Wote wawili, siku moja?" Alishika goti, akakaa kwenye kizingiti. "Mimi nilidhani nimezaa mtoto mmoja mjinga. Kumbe na mkwe nimepata wa namna hiyohiyo." Akawatazama kwa muda. "Haya, ingieni. Jua linawachoma bure."

Kampuni ililipa faini. Kazi ilisimamishwa siku nane, na kwa siku hizo nane watu wa mtaa ule waliwapita kama wanaopita ukuta. Yule mwenye mapacha alikuja mlangoni akasimama, akakosa tusi la kumtosha, akaondoka. Kisha ratiba ikabadilishwa: nyundo igonge saa ya kwanza tu ya maji kujaa, kabla nguva hawajapanda, na waangalizi wawe wawili. Kazi ikarudi, vibarua wakarudi, isipokuwa mmoja. Huyo alipata kibarua cha kuchomelea vyuma vya madirisha kwenye karakana ya jirani. Malipo yake yalikuwa madogo na yalikuja kwa vipande. Mkewe alianza kupokea nguo za kushona. Usiku macho yalimuuma.

Katika mwezi wa pili tangu wafukuzwe, Jumapili mchana, mzee mmoja alibisha hodi. Alivaa miwani minene na alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mmoja wa wale waangalizi wapya. Aliketi kwa aibu akikataa kila alichokaribishwa.

"Nina wiki tano pale juu," alisema. "Sijaona hata mmoja. Nimekuja kukuuliza wewe. Hawapo, au mimi ndiye sioni?"

Bi Simama aliiweka chini sindano. Lilikuwa swali alilokuwa akijiuliza kila siku, hasa saa za maji kujaa.

"Sijui," alisema. "Labda hawajarudi. Labda hawatarudi. Lakini usimtafute mnyama, mwalimu, hutampata. Tafuta tope. Wingu dogo la kahawia, linalotembea. Ukiliona, hesabu dakika nne, pua itatoka."

"Tutampeleka Jumamosi," mumewe alisema kutoka pembeni, alipokuwa akisugua mikono yake kwa mafuta ya taa. "Maji yakipwa. Ukamwonyeshe mifereji."

"Bure?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

"Bure, mama."

Mwalimu aliandika: tope, dakika nne. Alifunga kidaftari, akakifungua tena. "Na nikiwaona? Wale vijana... hawanisalimu hata sasa, na sijasema neno. Nikisema simama itakuwaje?"

Mume wa Bi Simama ndiye aliyejibu, bila kuinua uso kwenye kitambaa chake cha mafuta.

"Watakununia. Choo utanyimwa, maji utanyimwa. Sitakudanganya," alisema. "Lakini huku nyundo inasikika. Tunaisikia kila pigo. Ikinyamaza kabla ya saa yake, tutajua ni wewe, na tutajua wamerudi. Jioni upite hapa, utakula na sisi."